Gunzi la Ishirini na Tatu

Ndege ya kwanza ya kivita kurudi angani katika kikosi chetu, baada ya miaka mingi ya kutokuwa na hata moja inayoruka, ilitunzwa kwa magunzi ya mahindi. Kila tundu la ndege ile, kuanzia mrija wa kupimia kasi hadi vitundu vya kupumulia vya matenki ya mafuta, lilikuwa limezibwa kwa gunzi lililochongwa kwa kisu likaingia sawasawa. Ilikaa hivyo pembeni mwa kiwanja cha ndege cha Songea, mvua yake jua lake, na ndani ikabaki safi kuliko ndege zilizokuwa zimefungiwa bandani.

Mimi ndiye niliyeyatoa yale magunzi. Mimi pia ndiye niliyeyatia motoni kabla hayajahesabiwa.

Wengi wenu mnaopita hapa kwangu Mshangano mnanijua kama Bibi Agatha wa kuku na mahindi, yule bibi anayetengeneza pia redio. Kabla ya hapo nilikuwa Koplo Agatha Ponera, fundi vyombo. Vyombo ni zile saa zilizojipanga mbele ya rubani: ya kasi, ya kimo, ya mafuta na nyinginezo. Ninyi mnaojifunza ufundi, uwe wa pikipiki, wa simu au wa cherehani, nawaandikia ninyi. Makosa yangu nawapa bure.

Kwanza mjue jinsi kikosi kinavyoweza kupoteza ndege zake bila vita. Hakuna adui aliyezitungua zetu. Tulizimaliza wenyewe kwa kuazimana. Namba tatu imekosa pampu, tunachukua ya namba tano, kwa wiki moja tu. Namba tano ikihitajika, tunachukua ya namba saba. Kila kuazima kulikuwa na sababu nzuri, na kila aliyeazima alikuwa fundi hodari. Mwishowe tukabaki na safu ya ndege zinazong'aa kwa nje, ukizigonga zinaita kama debe. Marafiki wa ng'ambo waliokuwa wakituletea vipuri nao mambo yao yakageuka, wakaandika kwamba sasa vipuri ni vya kununua. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka yalikuwa yameanza kujaa vitu vya rangi rangi, sabuni za kunukia, mabeseni ya plastiki, lakini pampu ya ndege ya kivita huikuti dukani. Marubani wetu walifanya mazoezi wakiwa wamekaa kwenye viti vya karakana, mti wa ufagio katikati ya magoti kama usukani, macho wameyafumba. Tulikuwa tunawacheka, nao wakicheka.

Aliyenifundisha kazi ni Staff Sajenti Mbwana, mtu wa Pangani, mfupi, mpole wa sauti. Sikuwahi kumsikia akimfokea mtu, na kwa sababu hiyo tulimwogopa sana. Siku moja aliingia karakana na daftari kuukuu la safari za ndege.

"Koplo, wewe si mtu wa Songea?"

"Mpitimbi, Afande."

"Kwenu kuna ndege yetu."

Nikacheka. "Kwetu kuna mahindi, Afande."

"Basi iko katikati ya mahindi."

Kweli ilikuwepo. Miaka mingi nyuma, ndege moja ikiwa doria kusini ilipata hitilafu ya injini, ikatua Songea. Rubani alishuka mzima, akarudi kwa basi. Ndege ilikuwa ifuatwe mwezi unaofuata, na mwezi huo haukufika. Ikasahauliwa. Nami nilikuwa nimekwenda likizo nyumbani mara nyingi na kupita karibu na kiwanja kile nisijue. Mbwana aliona jambo ambalo sisi wengine hatukuliona: kwa kuwa ilikuwa mbali, hakuna aliyeweza kuiazima kitu. Huenda ndiyo iliyokuwa ndege yetu pekee yenye viungo vyote.

Wakubwa walikubali tukajaribu, kwa sharti moja. Ikiruka na kurudi kikosini, itakuwa kielelezo cha kufufulia nyingine. Isiporuka, karakana ya ndege za kivita inafungwa, na mafundi wote tunapelekwa kwenye malori. Sina dharau na malori. Lakini mtu aliyejifunza miaka saba kusikiliza sindano ya saa haendi kubadilisha tairi kwa moyo mweupe.

Tulifika Songea na Mbwana kwa lori mwezi wa sita, baridi ya Ruhuwiko, kilipo kiwanja, inauma masikio, ukungu umelala juu ya kiwanja. Wenzangu wanne wa injini na magurudumu walikuwa bado wanashusha mizigo. Mimi nilikuwa na haraka ya kuiona. Niliikuta pembeni, imefunikwa turubai lililoshonwa viraka vya magunia. Nikalitoa. Rangi ilikuwa imepauka, lakini hapakuwa na kutu ya kutisha. Halafu nikaona yale magunzi.

Jamani, nilicheka peke yangu. Niliyang'oa moja baada ya jingine, nikipiga mluzi, nikiyatupa kwenye ndoo. Moja kwenye mrija wa kasi uliochomoza mbele ya bawa kama mdomo wa mbu. Mengine ubavuni, mengine tumboni, mengine membamba kama kidole cha mtoto. Nilijiona nafanya kazi ya haraka ya kusifiwa. Wenzangu walipofika wakiwa wanatetemeka, nikawawashia moto wa chai. Gunzi kavu la namna ile, mtu wa Songea akiliona haoni kizibo. Anaona moto. Ndoo nzima ilikwenda.

Chai ilikuwa inamiminwa alipotokea mzee mmoja mrefu, amevaa koti la jeshi lililokatika mikono, rozari shingoni. Alikuwa Mzee Komba, mlinzi wa kiwanja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuniangalia mimi, aliangalia ndege. "Nani kaivua?"

"Mimi, mzee. Nimeisafisha."

"Magunzi yalikuwa mangapi?"

"Sikuhesabu."

Aligeuka polepole akatazama moto, kisha birika, kisha mimi. "Wewe ni wa wapi?"

"Mpitimbi. Kwa Ponera."

"Namjua Ponera. Anahesabu hata nyuki wake." Akatoa mfukoni kamba ya katani yenye mafundo, akaishika mbele ya uso wangu. "Ishirini na tatu. Niambie umetoa ishirini na tatu, nikanywe chai."

Nikachungulia ndoo. Ilikuwa tupu.

Staff Sajenti Mbwana alikuwa ameinua kikombe. Alikunywa funda moja, akalimeza taratibu, akasema, "Koplo, hii chai tunayokunywa ni ushahidi." Kisha akamwuliza mzee kwa heshima, "Hiyo kamba ni rozari nyingine, mzee wangu?"

"Rozari hii hapa shingoni, ni yangu. Hii ya mfukoni ni ya ndege."

Ndipo akatueleza. Mwaka wa kwanza aliona nyigu wakiingia na kutoka kwenye ndege, wanajenga nyumba za matope kwenye matundu. Hakuna aliyemwagiza kitu, lakini alikuwa ameambiwa alinde, na kwake nyigu ni mwizi kama mwizi mwingine. Akachonga magunzi. Yakawa yanaoza, kwa hiyo kila mwaka baada ya mavuno aliyatoa ya zamani na kuweka mapya. Ili asisahau tundu, akafunga mafundo kwenye kamba. Kila gunzi likiingia, kidole kinasogea fundo moja. Magunzi mapya ya mwaka ule yalikuwa tayari yanakauka juu ya bati lake. Tungechelewa wiki moja tungeyakuta ya mavuno mapya.

Vijana, eleweni kilichokuwa kinatusumbua. Kiwanja cha Songea wakati ule kilikuwa kifupi kwa ndege ya aina ile. Rubani angeondoka na mafuta kidogo, asubuhi ya baridi, maana hewa ya baridi ni nzito na hubeba bawa vizuri. Hata hivyo alihitaji kujua kasi yake sawasawa. Akinyanyua mapema, ndege inadondoka. Akichelewa, kiwanja kimekwisha. Saa ya kasi inapumua kwa mirija na vitundu. Kimoja kikizibwa kwa ndani na kipande cha gunzi, sindano itasoma uongo, na itausoma kwa utulivu kabisa. Saa hiyo ilikuwa kazi yangu, na fomu ya kuikabidhi ilikuwa na sehemu ya sahihi yangu.

Mbwana hakunigombeza. Alinipa daftari jipya. "Andika kila tundu unalokumbuka." Niliandika, nikifunga macho kama wale marubani wa mti wa ufagio. Nikapata ishirini na mbili. Nikarudia kesho yake kwa kuanzia mkiani. Ishirini na mbili.

Tukamwendea Mzee Komba. Naye akizunguka na kunyoosha kidole alipotea njia. Alikaa juu ya debe, akavua kofia. "Kichwani sijui," akasema. "Mkono ndio unajua."

Basi Mbwana akamwambia afanye kama alivyofanya kila mwaka. Tulikwenda naye nyumbani kuyashusha magunzi mapya juu ya bati, mkewe akiuliza kama jeshi limeishiwa kuni. Tuliyahesabu sote, kila mtu kwa sauti: ishirini na tatu. Mzee akasimama pale anapoanzia siku zote, chini ya bawa la kushoto, kamba mkono mmoja, kisu mkono mwingine. Hakuna aliyemsemesha. Alichonga, akasukuma, akasogeza kidole. Alipita tumboni, akazunguka mkia, akarudi kwa bawa la kulia. Mimi nilikuwa nyuma yake na daftari, na kila alipoziba tundu lilikuwemo kwenye orodha yangu.

Alipofika mwisho alisimama. Mkononi lilikuwa limebaki gunzi moja.

Akaligeuzageuza. Akaitazama ndege juu na chini kama mtu anayemtafuta ndugu yake stendi. Halafu akacheka, akanipa lile gunzi. "Hili lina kwake," akasema. "Mimi nimesahau, lenyewe linajua."

Tulilitafuta siku tatu. Tulifungua vifuniko vyote vinavyofunguka. Wenzangu wa injini walimulika tochi hadi mwisho wa koo la kuingizia hewa. Tulichekecha hata majivu ya ule moto wangu, kama wachimba dhahabu, na tukapata msumari.

Sasa niwaambie juu ya kupima, maana hili litawafaa kuliko hadithi. Kifaa cha kupimia saa ya kasi kilikuwa kimekufa zamani, na cha kuagiza ng'ambo kingekuja baada ya karakana kufungwa. Mbwana alinituma mjini kununua mpira wa plastiki mwangavu, ule mwembamba, na pakiti ya rangi ya kutia kwenye juisi. Muuza duka alinipimia mpira huku akinikagua sare.

"Afande, unanyonyea petroli ya serikali?"

"Napimia upepo."

"Haya. Mimi sikuuliza."

Tuliukunja mpira kama herufi U, tukaufunga ubaoni, tukatia maji mekundu. Upande mmoja tukauunganisha kwenye mrija wa kasi, kisha tukausukumia hewa taratibu kwa bomba la sindano. Maji yanapanda upande wa pili, unapima kwa rula tofauti ya kimo, na hesabu inakuambia hiyo ni kasi gani. Halafu unaangalia sindano ya saa kama imekubaliana na maji. Maji hayana cheo wala haya, alikuwa akisema Mbwana. Ukiushikilia msukumo dakika nzima na maji hayashuki, bomba halivuji. Sindano ikipanda bila kusita, njia haina kitu. Kwa vile vitundu vya ubavuni tulifanya kinyume, tukavuta badala ya kusukuma. Matenki tuliyapima kwa kusikiliza pumzi yake. Nilipima mfumo wangu mara kumi na moja. Kila mara maji na sindano vilikubaliana.

Lakini matundu yalikuwa ishirini na mawili, na gunzi moja halikuwa na kwake.

"Afande, nisaini?" nilimwuliza Mbwana.

"Sahihi ni yako. Siwezi kukusainia na siwezi kukuzuia. Ila rubani ana haki ya kujua kila unachokijua, na kila usichokijua."

Kapteni Kileo, rubani, alifika kwa ndege ndogo ya abiria mwezi wa saba. Mtu wa utani, hata mkao wake ulikuwa wa utani. Nilimweleza yote: moto, chai, kamba, gunzi lililobaki mkononi. Nilitamani anifokee. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sindano inasoma?"

"Inasoma, Afande."

"Mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na mzee anasemaje?"

"Ishirini na tatu."

"Hapo mmoja wenu ni muongo, na mimi ndiye nitakayegundua." Akacheka, mimi sikucheka. Akaniona. "Sikiliza, Koplo. Nimerusha ufagio muda mrefu. Tutaweka alama kiwanjani, mahali pa mwisho ambapo bado naweza kufunga breki. Nikifika hapo na sindano haijafika tulipopanga, nasimama. Nataka alama inayoonekana kwenye ukungu."

Nilinunua beseni la plastiki jekundu, kubwa kuliko yote dukani. Yule muuza duka hakuuliza kitu.

"Vizuri," alisema Kapteni Kileo alipoliona. "Na atakayelishika ni wewe."

Asubuhi ya kuruka nilisaini fomu. Kisha nikatembea hadi kwenye alama, nikasimama pembeni na beseni langu juu ya kichwa. Watu wa Ruhuwiko walikuwa wamejaa nje ya uzio. Walimu, wanafunzi, akina mama na majembe. Mzee Komba alisimama karibu nami ingawa alikatazwa. Alisema yeye ni mlinzi, na kazi yake haijaisha mpaka mwizi au mwenyewe aichukue.

Injini iliwaka. Wenzangu walikuwa wameifanyia kazi ya ajabu, lakini hayo ni yao kuwasimulia. Ndege ikaanza kuja, ndogo, kisha kubwa. Nisingeweza kuona sindano kutoka pale niliposimama. Nilichoweza ni kusikiliza. Mngurumo ukishuka, maana yake anafunga breki, maana yake saa yangu imesema uongo. Ndege ikaja. Mngurumo haukushuka. Ilinifikia, ikanipita, gurudumu la mbele tayari limenyanyuka, na upepo wake ukanipokonya beseni. Nilipogeuka ilikuwa juu ya mashamba, inakunja miguu yake kama ndege yeyote yule mwenye manyoya.

"Imekwenda," alisema Mzee Komba.

Kisha akalifukuza lile beseni kwenye mabua. Mkewe alilifulia miaka mingi.

Ndege ile ilifika salama, na ikawa kielelezo chetu. Tuliitumia kujua kila bomba linapita wapi na kila waya unaishia wapi, tukafufua ya pili, kisha ya tatu, kila moja ikirudishiwa vilivyo vyake. Mbwana aliandika ukutani kwa chaki kwamba hapa haziazimwi tena pampu, na hakuna aliyethubutu kufuta. Nilipopata wanafunzi wangu mwenyewe, somo la kwanza lilikuwa ndoo tupu na daftari. Hutoi kitu kwenye mashine kabla hujaandika umekitoa wapi, na hukitupi kabla mwenye mashine hajakiona. Mmoja alinung'unika kwamba napenda mno kuhesabu. Nikamwambia aniwekee chai.

Miaka ilipopita, ndege ile ilifumuliwa yote kwa ukarabati mkubwa, ikabaki mbavu. Niliomba nikae pale tangu mwanzo hadi mwisho. Niliandika kila kilichotoka ndani yake ambacho hakikuwa chake: penseli ya rubani, kipande cha kitambaa, kifungo cha shati, manyoya mawili. Gunzi halikuwemo, wala unga wake.

Mzee Komba nilimtembelea kila likizo. Nilimwuliza kama huenda alizidisha fundo moja, au kama fundo la mwisho lilikuwa la kuzuia kamba isifumuke. Alinionyesha kwa kidole: la kuzuia liko peke yake, mwishoni kabisa, na halihesabiwi. Alifariki akiwa na msimamo huohuo. Baada ya mazishi binti yake aliniletea ile kamba imefungwa kwenye karatasi, akasema baba alisema ni ya ndege, na mwenye ndege ni mimi.

Iko hapa mezani ninapoandika. Nimeihesabu tena asubuhi hii, nikaliacha lile la mwisho kama alivyotaka. Mafundo ni ishirini na matatu. Orodha yangu, iliyo bado kwenye daftari lile alilonipa Mbwana, ina matundu ishirini na mawili.